Kipupwe cha Ziwani na Beseni la Omena



Pepo za kusi zinapokaza na bahari ikachafuka, jiko la Mpwani hubadili mwendo wake. Kahawa ya tangawizi haitoki motoni. Uji hutiwa pilipili manga hadi ukawasha koo. Bokoboko, ambayo siku za joto huonekana nzito, hugombewa sinia moja na wakubwa kwa wadogo. Kipupwe chetu si baridi ya kumdhuru mtu, lakini chatosha kumrejesha kila mmoja jikoni kwa mama yake. Kwa hiyo nilipoombwa niandike juu ya vyakula vya msimu huu, nyumbani walitarajia nitaandika habari za bokoboko. Naomba radhi. Nitawapeleka mbali kidogo, hadi ufukwe wa Ziwa Viktoria, kwa kuwa huko ndiko nilikokula chakula cha kipupwe ambacho sijakisahau, na huko ndiko nilikoulizwa swali ambalo nilikuwa nikilikimbia.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Kisumu. Mumewe ni Mjaluo aliyesilimu ujanani, kijana wa heshima na swala zake. Mama yake mzazi yuko upande wa Kendu Bay, naye ni Mkristo wa kanisa lake. Nilipokuwa nikifunga safari mwezi wa Julai mwaka jana, jirani yangu aliniona nakunja shali ya sufu, akacheka. Alisema Kisumu ni tanuri, na shali hiyo ningeirudisha bila kuifungua.

Nusu ya maneno yake ni kweli. Basi letu lilitoka Mombasa magharibi, likapita Nairobi usiku wa manane, na kulipopambazuka tulikuwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ukungu umeyafunika hata madirisha yakatoka machozi. Kisha barabara ikateremka ghafula. Tulipofika Ahero, kwenye mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa maji ya mto Nyando, jua lilikuwa kali na abiria walikwisha kuvua makoti. Lakini Kisumu iko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, nayo ina hali mbili ndani ya siku moja. Mchana upepo hutoka ziwani na joto huwa kubwa. Alasiri mawingu hujikusanya upande wa milima ya Nandi, radi hupiga, mvua hushuka kwa kishindo. Usiku upepo hugeuka, ukatoka bara kuelekea majini, umebeba ubaridi wa milimani. Alfajiri ya Julai nyuzi za joto hufika 17 hivi, na kwa mtu aliyelelewa kando ya bahari hiyo ni baridi ya kutafuta shali. Niliifungua usiku wa kwanza.

Mpwani hana ugeni mkubwa mjini Kisumu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye ghuba hii Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence. Pamoja na reli walikuja Waswahili, Wahindi na Waarabu, wakafungua maduka, wakajenga misikiti, wakaoa na kuolewa. Mtaa wa Manyatta Arab bado wabeba jina la wakaao wa kale. Adhana ya Kiswahili ya kwetu, maana ile lahani mtu huijua, niliisikia alfajiri ya kwanza nikadhani niko nyumbani. Na jina la mji wenyewe, wenyeji hueleza, latokana na neno la Kijaluo, kisuma, yaani mahali pa kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana wakati wa upungufu. Aliye na nafaka huja na nafaka, aliye na samaki huja na samaki, kila mmoja akarudi na asichokuwa nacho. Nililiweka neno hilo moyoni bila kujua kwamba litanirudia.

Jiko la mdogo wangu ni kisuma tosha. Nazi hununua sokoni, zimesafiri kwa lori kutoka kwetu na bei yake yatisha, kwa hiyo huikuna moja akaitumia siku mbili: tui zito kwa mchuzi wa ngege, tui jepesi kwa maharagwe. Pilau huipika kwa mchele wa Ahero. Mahamri yake hayana tofauti na ya mama, lakini pembeni yake badala ya mbaazi huweka nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika. Sisi tungeyaita pure na tusingeona ajabu. Mboga zake nyingi tunazijua pia: osuga ni mnavu, dek ni mgagani, apoth ni mlenda. Tofauti ni subira. Huku kwetu mchicha hupikwa ukaliwa saa ile ile, lakini mboga chungu za ziwani huchemshwa, maji yakamwagwa, zikatiwa maziwa, zikapashwa moto tena kesho na keshokutwa, kila siku uchungu ukipungua na ladha ikizidi. Mdogo wangu alinambia amejifunza hayo yote kwa mama mkwe wake. Kisha akaongeza, macho yake yakiwa kwenye chungu, kwamba mama huyo ananiulizia, na Jumamosi tunangojewa Kendu Bay.

Hapo chakula kilinikwama kidogo, na lazima niwaeleze sababu yake.

Harusi ya mdogo wangu ilifanyika kwetu Mombasa, mwezi wa Juni, miaka minane iliyopita. Mama yule alisafiri usiku na mchana kuja kumwoza mwanawe. Hakuja mikono mitupu. Alibeba beseni lililojaa omena kavu, yaani dagaa wa ziwani, limefungwa kwa kanga mpya, na mfuko wa unga wa mtama na muhogo. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, maua ya asumini na harufu ya biriani. Beseni lilipofunguliwa, wanawake fulani waliziba pua. Mmoja akasema jambo, wengine wakacheka. Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale mkekani, naye Kiswahili anakijua. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba siku ile. Badala ya kuwanyamazisha, nililichukua beseni nikalipeleka uani. Jioni walikula paka. Beseni tulilibakiza, tukafulia.

Hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo. Mimi nilijiambia kwamba shughuli zilikuwa nyingi.

Jumamosi tulipanda matatu, tukarudi hadi Ahero, tukapinda kusini tukapitia Katito, ziwa likitokea na kupotea mkono wa kulia. Shemeji alipendekeza kwanza tukaone Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lililo karibu na mji wa Kendu Bay. Ni shimo la volkano lililojaa maji ya magadi, ya kijani kibichi, yasiyonyweka, na heroe huja kula humo. Hivyo ndivyo wasemavyo wataalamu. Wajaluo husema jambo jingine. Hapo, wanasimulia, palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa kwenye karamu, akafika kikongwe asiyejulikana, akaomba chakula na mahali pa kujisitiri. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaambiwa aondoke na watu wake. Kisha mvua ikashuka, maji yakapanda, na kijiji chote kikazama pamoja na karamu yake. Ndiyo maana ya jina: kijiji kilichozama.

Shemeji alisimulia kama kila mtu wa huko anavyosimulia, bila kumlenga mtu. Mdogo wangu alikuwa akiwatazama heroe. Mimi nilitazama maji yale ya kijani, nikaona haya peke yangu.

Mvua ilitukuta njiani kuelekea nyumbani kwa mama, mvua ya ziwani isiyobisha hodi. Tulifika tumelowa chepechepe, meno yanagongana. Mama alikuwa mlangoni. Alinivua viatu kwa mikono yake kabla sijapata kumzuia, akanifunika blanketi, akaniketisha karibu na moto. Aliniita nyathina, mwanangu. Kisha akaniletea kibuyu cha uji.

Uji ule, unaoitwa nyuka, ni wa unga wa mtama na muhogo uliochachushwa siku mbili, ukakorogwa motoni mpaka ukawa mzito kiasi, kisha ukatiwa maji ya ukwaju. Ndiyo, ukwaju, huu huu wetu wa kachumbari na mishikaki. Wao huuita chwa. Uchachu wake huamsha mwili mzima. Nilipomaliza kibuyu cha kwanza vidole vilikuwa vimerudi kuwa vyangu. Nilipomaliza cha pili niliona kwamba ukutani kumetundikwa sufuria mpya, inang'aa, peke yake. Mdogo wangu alininong'oneza kwamba mama aliinunua mwaka ule mwanawe alipooa, nayo haijapata kuingia kitu tusichokula. Huitumia wao wakija tu. Tena siku zote huwapikia samaki, kwa kuwa alikwisha kuuliza akaambiwa kwamba samaki hahitaji kuchinjwa, na hivyo hapana mgeni atakayekula kwake kwa wasiwasi.

Siku ile alikuwa ametoa omena. Nilishangaa, maana mjini Kisumu nilisikia wachuuzi wakilalamika kwamba imeadimika. Shemeji akanieleza kwamba kila mwaka, tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena husimamishwa upande wa Kenya ili samaki wapate kuzaana. Anayekula omena miezi hiyo hula akiba, au hununua kwa bei ya juu. Nilihesabu kimya kimya. Harusi yetu ilikuwa Juni. Beseni lile lililojaa pomoni lilikuwa akiba ya nyumba.

Mama alikuwa akitoa vichwa vya omena kwa kidole gumba, moja moja, kama sisi tunavyochambua mchele. Bila kuinua macho akaniuliza, "Nyathina, ile omena niliyowaletea Mombasa, nyinyi mliipikaje? Nasikia watu wa kwenu mnatia nazi."

Uwongo ulikuwa tayari ulimini. Ulikuwa uwongo mwepesi, wa adabu, wenye nazi na ndimu ndani yake, na ungemfurahisha. Mdogo wangu aliacha kukata nyanya. Nadhani kama si uji ule tumboni na blanketi lile mabegani ningeusema. Lakini ni vigumu kumdanganya mtu aliyekuvua viatu.

Nikasema, "Mama, hatukuipika. Tulikosa adabu. Tuliwapa paka. Mimi ndiye niliyeipeleka uani."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Mama aliendelea na omena yake, akamaliza fungu lililokuwa mkononi. Mwishowe akasema kwamba alijua. Beseni lake alikuwa ameliona asubuhi ya siku ya pili, lina nguo. Alisema alitaka tu kuona kama ipo siku mmoja wetu atamwambia. Kisha akalisogeza sinia la omena mbele yangu, akasema, "Basi leo utaipika wewe."

Wasomaji wapendwa, tunaijua hadithi ya Mtume, swallallahu alayhi wasallam, aliyowakataza wanawake wa Kiislamu kudharau zawadi ya jirani, hata ikiwa ni ukwato wa kondoo. Mimi niliihifadhi madrasa nikiwa na miaka tisa. Kumbe kuhifadhi ni jambo moja na kuipokea siku inapokuja mlangoni ikiwa na harufu ya samaki ni jambo jingine. Wengi wetu tunajua kukirimu. Sinia zetu hujaa, na wageni hutusifu. Tusichokijua vizuri ni kukirimiwa, hasa na mtu ambaye nyoyoni tumemweka chini yetu. Kumpa mtu chakula ukakataa chake ni njia ya kumwambia kwamba anahitaji kitu kwako nawe huhitaji kitu kwake. Hiyo si kisuma.

Nilipika. Nazi mbili nilizoleta kutoka Mombasa zilikuwa zimewekwa juu ya kabati, zimepanguswa kama vyombo vya tunu, na haluwa niliyoileta ilikwisha kugawiwa majirani, kila nyumba kipande chake. Nazi moja tuliivunja. Mbuzi ya kukunia haikuwako, tukaikwangua kwa kisu na uma, tukacheka sana. Nawaandikia namna tulivyofanya, mpate kuijaribu kipupwe hiki, maana omena kavu siku hizi hupatikana hata katika masoko yetu ya Pwani.

Chukua vikombe viwili vya omena kavu. Ondoa vichwa na upepete mchanga. Mimina maji ya moto, ziache kwa dakika chache, kisha zioshe mara mbili au tatu hadi maji yawe safi. Hapo ndipo harufu iliyowashinda wanawake wa harusini huondoka, na kazi hiyo haizidi robo saa. Zichuje vizuri, uzikaange kwa mafuta kidogo mpaka ziwe kavu na rangi ya dhahabu, uziweke kando. Katika mafuta hayo kaanga kitunguu, kisha thomu na tangawizi iliyopondwa, nyanya tatu zilizoiva, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbichi nzima. Nyanya zikishalegea na mafuta yakielea, rudisha omena, tia tui jepesi, acha lichemke taratibu. Tui zito litie mwisho, moto ukiwa mdogo, ukoroge bila kuacha ili lisikatike. Epua, kamulia ndimu. Chumvi ionje kwanza, usije ukaizidisha.

Mama hakuiacha sufuria yote iwe ya kwetu. Nusu aliitenga kabla ya tui, akaitia malai ya maziwa ya ng'ombe, kwani hivyo ndivyo aipendavyo, na akasonga ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaokaa na joto lake muda mrefu. Tuliketi watu wanane, masinia mawili katikati, na kila mkono ukafika kote kuwili. Mama alionja ya nazi, akanyamaza, akaonja tena. Alisema ni tamu, ila samaki wameogeshwa mno. Mimi nilionja ya malai, na nakiri mbele yenu kwamba ilishinda yangu.

Magharibi ilipoingia alitutandikia mkeka safi upande ulio kavu, akapunguza sauti ya redio mwenyewe. Nje mvua ilikuwa imekatika, baridi imeshuka, na vyura wa ziwani wameanza. Nililala usingizi mzito chini ya blanketi lile lile.

Siku ya kuondoka alinipa mfuko wa omena, mdogo kuliko beseni la mwaka ule, kwa kuwa Julai ilikuwa haijaisha. Nilisafiri nao mapajani hadi Mombasa. Jirani yangu wa shali alipokuja kunipa pole ya safari aliinua pua, akauliza kuna nini. Nikamwambia akae, chakula ki karibu kuiva. Alikula, akaomba kuongezwa. Beseni lile la harusi bado lipo nyumbani. Nimekwisha kuliosha kwa ndimu na majivu, na linangoja kurudi Kendu Bay, inshallah baada ya kusi hii, likiwa na nazi, ndimu na haluwa. Halipaswi kurudi tupu.

Mwenyezi Mungu atujaalie majiko yenye moto, na nyuso za kupokea kama tulivyojaaliwa mikono ya kutoa. Amin.

Wassalaam alaykum.